Ulezi wa Mtafiti Chipukizi na Lugha ya Data: Mfano wa Utafiti wa Elimu Nyamiaga, Ngara

1.0 Utangulizi

Makala hii inahusu kazi ambayo idara zetu huifanya kila mwaka lakini ni nadra kuiandikia: ulezi wa mwanafunzi wa chuo kikuu anayejifunza kufanya utafiti wa elimu. Hoja yetu ni moja. Tunadai kwamba ulezi huo haufaulu wala haushindwi katika sura ya nadharia au katika majedwali ya takwimu, bali pale maneno ya msailiwa yanapoondolewa katika lugha aliyoyasemea na kufanywa data katika lugha ya tasnifu. Hapo ndipo mlezi anapotakiwa awepo, na hapo ndipo, kwa desturi yetu, asipokuwepo.

Ili hoja isielee hewani tumeifunga mahali pamoja. Nyamiaga ni kata katika Wilaya ya Ngara, Mkoa wa Kagera, katika pembe ya Tanzania inayopakana na Rwanda na Burundi. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Lugha ya nyumbani kwa wengi ni Kihangaza, na katika wilaya hiyohiyo kuna Kishubi. Mtoto hukutana na Kiswahili kama lugha ya shule, na baada ya miaka ya elimu ya msingi hukutana na Kiingereza kama lugha ya sekondari. Mtafiti anayekwenda huko kuuliza habari za shule anaingia katika lugha tatu kwa wakati mmoja, apende asipende. Hatutoi hapa matokeo mapya ya uwandani. Tunachochambua ni njia ambayo swali la utafiti hupita kati ya chuo na kata, na nafasi ya mlezi katika njia hiyo.

2.0 Msimamizi au Mlezi?

Katika vyuo vyetu anayemwongoza mwanafunzi katika tasnifu huitwa msimamizi. Jina hili limezoeleka, na hatuna nia ya kulifuta, lakini inafaa tutazame linavyotumika kwingine. Shambani msimamizi ndiye anayehakikisha vibarua hawaketi. Katika chumba cha mtihani ndiye anayezuia udanganyifu. Dhana iliyotangulia katika matumizi yote mawili ni kwamba kazi inajulikana, anayeifanya anaijua, na hofu iliyopo ni kuwa ataikwepa. Mwanafunzi wa uzamili hayumo katika hali hiyo. Kazi yenyewe ndiyo anayojifunza.

Kiswahili kina maneno mengine. Kuna mshauri, kuna mnasihi, ambaye shule zetu zimemfanya kuwa mtu wa kuendewa wakati wa matatizo, na pwani kuna somo, yaani mtu wa siri anayemfunda mwari mambo ambayo mama mzazi haoni vyema kuyasema mwenyewe. Kuna pia fundi na mwanagenzi wake. Huyu wa mwisho ana la kutufundisha, kwa sababu mwanagenzi hujifunza akiwa kando ya fundi, na fundi seremala hangoji mlango ukamilike ndipo atazame viungo. Hutazama kiungo cha kwanza kikiwa bado hakijapigwa gundi.

Sisi hufanya kinyume chake. Msimamizi husoma pendekezo la utafiti, pengine mara tatu au nne, na kulirudisha likiwa na wino mwingi. Kisha mwanafunzi hupata barua ya chuo, barua ya Katibu Tawala wa Mkoa, barua ya Katibu Tawala wa Wilaya, barua ya Mkurugenzi wa Halmashauri, na kuondoka. Hufuata kimya cha wiki kadhaa au miezi. Anaporudi analeta sura ya nne imekwisha kuandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake wazazi, walimu na watoto wa Nyamiaga wanazungumza Kiingereza safi kuliko cha mwandishi mwenyewe. Msimamizi husahihisha vibainishi na nyakati za vitenzi. Viungo vyote vimekwisha kupigwa gundi.

Katika makala hii tunatumia neno mlezi kwa makusudi. Sababu moja ni maana yake ya kawaida. Sababu ya pili ni ya kiisimu, nayo tutaifikia katika 3.2.

3.0 Safari ya Swali

3.1 Utoro

Tuchukue mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetaka kuchunguza kwa nini baadhi ya watoto hawamalizi elimu ya msingi Nyamiaga. Mada ni ya kawaida, na maktaba zetu zina tasnifu nyingi za namna hiyo. Anaanza na maandishi ya Kiingereza, ambayo hutenganisha mambo matatu: kukosa kuhudhuria siku kadhaa kwa sababu yoyote ile, kukwepa masomo kwa makusudi, na kuacha shule moja kwa moja. Kila moja lina istilahi yake, vipimo vyake na mjadala wake. Anatunga hojaji kwa Kiingereza kwa kuwa hiyo ndiyo lugha ambayo kamati ya idara itaisoma. Kisha, mara nyingi usiku wa kuamkia safari, anaitafsiri kwa Kiswahili. Mambo yale matatu yanaangukia katika neno moja: utoro.

Neno hili lastahili kutazamwa kwa muda. Linatokana na kutoroka. Katika pwani ya karne ya 19 watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao, wakajenga makazi yao wenyewe, kama vile Fuladoyo, nyuma ya pwani ya Kenya ya leo. Mtoro, kwa asili yake, ni mtu aliye mali au dhamana ya mwingine na ambaye amejiondoa bila ruhusa. Shule ilipolichukua neno hilo ililichukua pamoja na shutuma yake. Mtoto asiyeonekana darasani ni mtoro hata kama yu shambani kupalilia maharage kwa amri ya baba, hata kama ameachwa nyumbani kulea mdogo wake, hata kama amefuatana na mama msibani ng'ambo ya mpaka. Neno limekwisha kuamua kwamba kosa ni lake.

Lugha ya ofisi imelikomaza zaidi. Tangu Sheria ya Elimu ya 1978 mahudhurio ya shule ya msingi ni ya lazima, na mzazi anaweza kushitakiwa. Kwa Afisa Elimu Kata, basi, utoro ni jambo la kisheria. Katika takwimu za serikali za elimu ya msingi, jedwali la wanafunzi walioacha shule limekuwa likigawa sababu katika utoro, mimba, vifo na nyinginezo, na utoro ndio uliokuwa ukishika nafasi ya kwanza kwa mbali. Mantiki yake ni ya ajabu kidogo: mtoto ameacha kwenda shule kwa sababu haendi shule. Neno linalotaja tukio limewekwa katika safu ya sababu, na safu ikajaa. Mwanafunzi anayeinukuu takwimu hiyo katika sura ya kwanza, na ni wengi wanaoinukuu, amejenga msingi wa tasnifu yake juu ya jina badala ya maelezo.

Sasa mfuate uwandani. Anafika kwa mzazi akiongozana na mwenyekiti wa kitongoji, mkononi ana karatasi yenye mhuri. Anauliza kwa Kiswahili: je, mtoto wako amewahi kuwa mtoro? Mzazi hasikii swali la utafiti. Anasikia mashtaka, tena mbele ya shahidi. Hujibu kama mtu yeyote mwenye akili angejibu: hapana, aliugua. Mwanafunzi huandika maradhi. Wakijibu hivyo wazazi kumi na wawili, tasnifu itasema kwamba maradhi ni sababu kuu ya kukosa masomo katika kata hiyo, na itapendekeza huduma za afya shuleni. Pendekezo lenyewe si baya. Ila halikutoka Nyamiaga, limetoka katika neno moja la hojaji.

Mlezi angeweza kufanya nini? Kwanza, angeisoma hojaji ya Kiswahili, siyo ya Kiingereza, na kuisoma kabla ya safari. Pili, angemtaka mwanafunzi aulize kitu kinachohesabika na kisicho na shutuma: juma lililopita mtoto alikwenda shule siku zipi, na siku asizokwenda alikuwa wapi? Tatu, na hili ndilo kubwa zaidi, angetaka kuyaona majibu ya wasailiwa watatu wa kwanza yakiwa bado katika maneno yao. Maradhi yakijirudia kwa wote watatu, mlezi mzoefu atashuku swali kabla ya kuushuku mwili wa mtoto.

Safu ya mimba katika jedwali lilelile ina kisa chake. Hadi mwaka 2021 msichana aliyepata ujauzito aliondolewa katika mfumo rasmi. Mwezi Novemba mwaka huo serikali ilitangaza kwamba anaweza kurejea baada ya kujifungua. Mwanafunzi anayelinganisha takwimu za kabla na baada ya hapo bila kulitaja badiliko hilo analinganisha vitu viwili vyenye jina moja.

3.2 Elimu na Kulea

Mfano wa pili ni wa hila zaidi, kwa sababu kosa halionekani hata katika hojaji iliyotafsiriwa vyema.

Katika uainishaji wa Guthrie, Kihangaza ni D65 na Kishubi ni D64. Vimo katika kundi moja na Kinyarwanda (D61), Kirundi (D62) na Kiha (D66), na wasemaji wake husikilizana kwa kiasi kikubwa na majirani wa ng'ambo ya mpaka. Katika kundi hili kuna mzizi ambao Kiswahili pia kinao. Kirundi na Kinyarwanda husema kurera, na Kiswahili husema kulea. Ni neno moja lililobadilika sauti. Tofauti iko katika safari iliyofuata. Kwa Kinyarwanda, uburezi, unaotokana na kurera, ndilo jina rasmi la elimu, hata wizara ya elimu huitwa kwa jina hilo. Na kwa Kirundi elimu ni indero, kutoka katika mzizi uleule. Kiswahili kwa upande wake kililiacha neno malezi nyumbani, na shuleni kikatumia neno la Kiarabu, elimu, ambalo kiini chake ni kujua.

Kwa hiyo mtafiti anapomuuliza mzazi wa Nyamiaga kwa Kiswahili, elimu bora ni ipi, anauliza juu ya ujuzi. Mzazi anayewaza katika lugha ya kundi hili huenda akajibu juu ya mtoto anayesalimia wakubwa, asiyeiba, anayejua kuishi na jirani. Mwanafunzi wetu ana fomu yenye vipengele: vitabu, madawati, walimu, ufaulu. Jibu la mzazi haliingii popote. Analiweka katika nyinginezo, au anaandika, kama tulivyokwisha kusoma katika tasnifu zaidi ya moja, kwamba wazazi wana mwamko mdogo wa elimu. Mwamko mdogo! Hakuna tamko lililowadhulumu wanavijiji wa nchi hii kuliko hilo. Mzazi ametoa nadharia nzima ya elimu, nadharia ambayo imo katika msamiati wa lugha jirani na yake hadi leo, na mtafiti ameipokea kama upungufu.

Mzizi mwingine una mtego wa namna hiyo. Kwa Kirundi na Kinyarwanda kwiga ni kujifunza, na kwigisha ni kufundisha. Kwa Kiswahili kuiga ni kufuata anachofanya mwingine. Wenye Kinyarwanda wana kwigana kwa maana hiyo ya pili. Mtoto wa darasa la kwanza anayesikia mwalimu akikataza kuiga, huku nyumbani mzizi huohuo ukitajwa kwa sifa, ana jambo la kutatua ambalo mwalimu mgeni hata halijui. Hatudai kwamba hili pekee linaeleza matokeo ya mtoto yeyote. Tunadai kwamba mtafiti wa elimu anayekaa miezi miwili mahali hapo asilione hakulelewa vya kutosha kabla ya kupelekwa.

4.0 Swali Lisilo na Hatia

Karibu kila hojaji huanza na taarifa binafsi: jinsi, umri, mahali pa kuzaliwa, lugha inayotumika nyumbani. Vitabu vya mbinu za utafiti hushauri zitangulie kwa kuwa ni rahisi na humzoesha msailiwa. Ngara ushauri huo ni hatari, na mlezi asiyeijua historia ya mahali hapo hawezi kumwonya mwanafunzi.

Tukumbuke mambo machache. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takribani saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 kwa makadirio ya wakati ule walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa kwa muda mfupi miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuti la Huduma kwa Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera, lililotangaza kwa Kiswahili pamoja na lugha za wakimbizi. Mwezi Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walitakiwa kuondoka nchini kabla ya mwaka kwisha. Warundi walibaki katika kambi ya Lukole kwa miaka zaidi ya kumi baada ya hapo. Halafu, mwezi Septemba 2013, ilianza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, ya kuwaondoa waliohesabiwa kuwa wahamiaji haramu. Katika zoezi la namna hiyo, mtu anayesema lugha inayosikilizana na Kirundi, na ambaye huenda shangazi yake anaishi Burundi, hulazimika kuthibitisha uraia wake kwa maneno yake mwenyewe.

Msailiwa wa namna hiyo akiulizwa na mgeni mwenye barua ya serikali, umezaliwa wapi na nyumbani mnasema lugha gani, anajibu nini? Jibu la salama ni Kiswahili. Mwanafunzi hujaza Kiswahili. Katika uchambuzi huandika kwamba kaya nyingi za kata hiyo hutumia Kiswahili nyumbani, na kwa hiyo lugha si kikwazo kwa watoto wanaoanza shule. Hitimisho hilo likisomwa na mtunga sera, mtoto wa Kihangaza anatoweka katika karatasi, kama alivyokwisha kutoweka katika takwimu za taifa, kwa kuwa Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Wanaisimu wa Mradi wa Lugha za Tanzania katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijaribu kuziba pengo hilo kwa Atlasi ya Lugha za Tanzania ya 2009. Kazi yao ni msaada mkubwa kwa yeyote anayekwenda Kagera, lakini katika tasnifu za elimu ni nadra kuiona imetajwa. Idara mbili za chuo kimoja zaweza kuwa mbali kuliko Ngara na Dar es Salaam.

Dawa yake ni ya kawaida. Swali la lugha liondoke katika ukurasa wa kwanza. Mtafiti asikilize kwanza: mama anamwitaje mtoto aliye uani, watoto wanahesabu mchezo kwa lugha gani, mwalimu wa darasa la kwanza anageukia lugha gani anapochoka kurudia. Hayo huandikwa katika daftari la uwandani bila kumbana mtu. Mahali pa kuzaliwa pasiulizwe kabisa kama utafiti hauhitaji, na tunashuku kwamba tafiti nyingi za elimu hazihitaji.

Tuongeze neno kuhusu Biharamulo, kwa kuwa mapendekezo mengi huziunganisha wilaya hizi mbili kama sampuli ya Kagera ya kusini. Biharamulo kuna wenyeji wa Kisubi, na kuna familia nyingi zilizohamia zikiwa na Kisukuma, lugha iliyo mbali na kundi la Kihangaza. Hofu ya mpaka haiko huko kwa uzito uleule. Mtafiti anayetumia hojaji moja kwa wilaya zote mbili na kuzijumlisha katika jedwali moja ameokoa muda na kupoteza tofauti iliyompeleka huko.

5.0 Waliotangulia

Si kwamba chuo hakikuwahi kulitafakari suala la lugha ya utafiti wa elimu. Mlama na Matteru walifanya utafiti wao juu ya haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu, na BAKITA ikauchapisha mwaka 1978. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mabishano yameendelea tangu hapo, na msomaji wa jarida hili anayajua.

Kwa mada yetu, mfano wenye manufaa zaidi ni mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 kwa ushirikiano wa wanazuoni wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, Martha Qorro na Birgit Brock-Utne wakiwa miongoni mwa viongozi wake. Brock-Utne alikuwa profesa wa elimu Dar es Salaam kuanzia 1987 hadi 1992. Mradi uliandaa wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na kufanya majaribio darasani. Kazi ya Halima Mwinsheikhe, aliyesoma Oslo, ilitoka katika mazingira hayo ya ulezi: alilinganisha ufundishaji wa baiolojia kwa Kiswahili na kwa Kiingereza katika sekondari za Tanzania, na akaonyesha jinsi ushiriki wa wanafunzi unavyobadilika. Uzito wa kazi ya namna hiyo umo katika darasa lenyewe, katika nani alisema nini kwa lugha gani, na wala si katika hojaji. Anayelea mtafiti wa namna hiyo hana njia ila kusikiliza lugha ya darasa.

Hata hivyo juzuu za mradi huo zimechapishwa kwa Kiingereza. Tunaelewa sababu: wafadhili, wasomaji wa nchi tatu, upandishwaji vyeo. Lakini mwalimu wa Nyamiaga ambaye Kiswahili chake kinatetewa humo hawezi kuusoma utetezi wake kwa wepesi.

6.0 Ulezi Unavyoweza Kufanyika

Kinachofuata si mwongozo kamili, bali ni mambo tunayoyaona yanawezekana bila kubadili kanuni za chuo na bila fedha za ziada.

La kwanza ni mpangilio wa wakati. Mlezi ambaye ana saa kumi za kumpa mwanafunzi, kwa kawaida hutumia saba katika pendekezo na tatu katika rasimu ya mwisho. Tunapendekeza nne zihamishiwe katika siku kumi za kwanza za uwandani. Zamani barua kutoka Ngara ilifika Dar es Salaam swali likiwa limekwisha kuulizwa kwa kijiji kizima. Leo mwanafunzi aweza kurekodi mahojiano kwa simu asubuhi, akayanukuu jioni na kuyatuma usiku. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 isisahauliwe: msailiwa aambiwe kwamba mtu mwingine atayasoma maneno yake, na jina lake litolewe kabla nakala haijatumwa.

La pili ni unukuzi. Mahojiano yanukuliwe katika lugha yaliyofanyikia, pamoja na mahali msailiwa alipohama kutoka Kiswahili kwenda Kihangaza na kurudi. Hasa mahali hapo. Mtu anapoacha Kiswahili katikati ya sentensi juu ya mwanawe, ameacha kwa sababu, na sababu hiyo mara nyingi ndiyo data. Tasnifu iandikwe kwa Kiingereza ikibidi, lakini kila dondoo liwe na maneno ya asili juu na tafsiri chini yake. Watahini watalalamika juu ya urefu. Waache walalamike, angalau watakuwa na kitu cha kuhakiki.

La tatu linahitaji unyenyekevu kidogo upande wetu. Mlezi wa chuoni hawezi kujua Kihangaza, Kimakonde na Kimaasai kwa pamoja. Mwanafunzi anayekwenda Nyamiaga ahitaji mlezi wa pili aliye hukohuko, na mara nyingi mtu huyo yupo tayari: mwalimu aliyefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, anayejua ni neno gani la Kiswahili ambalo watoto hulikosea kila mwaka na kwa nini. Mtu huyu kwa sasa huhesabiwa kuwa msailiwa namba saba. Aombwe badala yake kuisoma hojaji kabla haijatumika, na kazi yake itajwe katika shukrani kwa maelezo ya alichokifanya, siyo katika orodha ndefu ya walioshiriki kwa njia moja au nyingine. Kama chuo kinaweza kumlipa posho, kimlipe. Mwanafunzi naye ajifunze kumwendea kwa adabu inayostahili, akijua kwamba anakwenda kufundwa.

Kuna pingamizi moja ambalo wenzetu hulitoa kwa haki. Husema kwamba mlezi akisoma data mbichi mapema atamlisha mwanafunzi fikra zake, na tasnifu itakuwa yake. Hatari hiyo ipo. Lakini tofauti ni kubwa kati ya kuuliza na kujibu. Mlezi anayeandika pembeni mwa unukuzi, hapa mama alitumia neno gani hasa, au, kwa nini aligeukia Kihangaza, hajaingiza fikra yoyote. Amemrudisha mwanafunzi kwa mama yule kesho yake asubuhi, akiwa bado yuko kijijini. Mlezi anayengoja mpaka sura ya nne ndiye anayelazimika kuingiza fikra, kwa kuwa wakati huo hakuna wa kuulizwa tena.

Linabaki suala la marejesho. Nakala ya tasnifu huenda maktaba ya chuo, na kwa kawaida safari yake huishia hapo. Tunapendekeza kwamba kabla ya kuandika sura ya nne mwanafunzi arudi, au kama nauli hairuhusu awasiliane kwa simu na yule mwalimu mlezi, akiwa na kurasa mbili au tatu za Kiswahili zenye alichokisikia na anachodhani kina maana gani. Kurasa hizo zisomwe mbele ya walimu na wajumbe wa kamati ya shule bila kutaja nani alisema nini. Watakaposema kwamba hapa umetuelewa vibaya, maneno yao yanukuliwe na kuingizwa katika sura hiyohiyo. Mlezi wa chuoni aletewe unukuzi wa kikao hicho pamoja na rasimu, na asianze kuisoma rasimu kabla hajausoma unukuzi.